Kibanda cha Mashua: Wazi au Kifungwe?



Hapa Mgololo hakuna ziwa, lakini sisi tuliotoka Kyela tumebishana sana bwenini juu ya jambo hili. Baba, mvuvi wa Matema, anataka kuunda mashua ya injini, naye ameniuliza kama kibanda kiwe wazi au kifungwe kwa mbao na mlango.

Wenzangu husema kifungwe, maana usipa huvuliwa usiku kwa taa, na upepo wa kusi una baridi kali. Kweli. Lakini upepo huo huo hushika ubavu wa kibanda kama tanga lisiloshushika. Tena chombo kikipinduka, mlango hutafutwa gizani, nao umegeuka juu chini. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, 1996, wengi walinaswa ndani. Mtaniambia kwamba mwaka 2018 fundi mmoja wa MV Nyerere aliokolewa hai ndani ya chombo baada ya siku mbili. Huyo ni mmoja. Waliokufa walizidi 200.

Nimemjibu Baba: paa fupi, turubai la kushusha mvua ijapo, na maboya ya kuvaa kwa kila mtu. Mama bado anataka mlango.