Aleji Yako Siyo Kinga, Mpenzi

Mwezi huu namchongea mume wangu, na ruhusa amenipa mwenyewe.

Mzee wangu ana aleji. Wale wadudu wa ziwani wakiinuka kama moshi, sisi tunafunga madirisha, yeye anapiga chafya mpaka asubuhi. Tukipita Mwaloni Kirumba penye vumbi la dagaa, macho mekundu. Hayo nilishayazoea. Kilichonichosha ni stori aliyokuja nayo: eti watafiti wamegundua mwenye aleji hapati kirahisi saratani ya kichwa na shingo, yaani ile ya mdomo, koo na pua. Anayasema hayo huku anawasha sigara, bia mkononi, tumekaa ufukweni tunasubiri sato wetu!

Nikanyamaza. Usiku nikasoma. Kumbe hakutunga. Zipo tafiti zilizoona wenye aleji wanaugua saratani hizo kwa uchache kidogo. Dhana ni kwamba kinga yao ya mwili iko macho muda wote, kama mlinzi asiyesinzia. Lakini nyingine hazikuona tofauti, na nyingine zikakuta saratani ya nyuma ya pua imezidi kwa wenye mafua ya aleji. Halafu kuna jambo mzee wangu alilirukia: mwenye aleji mara nyingi hukimbia moshi. Huenda kinachomlinda siyo aleji, ni sigara asiyoivuta. Wangu anaifuata.

Maana tumbaku na pombe ndizo zinazoongoza kuleta saratani hizi, na zikikutana kwa mtu mmoja hatari inapanda kuliko ukizijumlisha. Wapendanao, mjue pia kuna HPV, virusi vinavyofika kooni kwa mapenzi ya mdomo. Ni jamii ileile inayoleta saratani ya shingo ya kizazi, ambayo mabinti wetu walianza kuchanjwa nchi nzima mwaka 2018.

Ila kilichonitisha mimi ni mkono wangu. Jumapili moja amelala, nikampapasa shingoni, chini ya taya nikakuta uvimbe mgumu kama punje ya harage.

"Aleji tu, mama watoto."

Kwake kila kitu aleji: pua iliyoziba upande mmoja, sauti inayokwaruza tangu mwezi uliopita. Jamani, aleji kwa kawaida huwasha, huziba huku na huku, huja na kuondoka. Upande mmoja usioachia, damu puani, kidonda mdomoni au sauti ya kukwaruza inayopita wiki tatu, uvimbe shingoni hata kama hauumi, hayo siyo ya kununulia vidonge duka la dawa.

Tuligombana siku nne. Ya tano nikamwambia, usipopanda kilima cha Bugando leo, mimi nalala kwa mama. Akapanda. Daktari wa masikio, pua na koo akampitisha kamera nyembamba puani, kisha wakachoma sindano kwenye uvimbe kuchukua sampuli. Siku zote za kusubiri majibu hatukugombana hata mara moja, na kwa nyumba yetu hiyo ni rekodi. Usiku nilikuwa namsikia yuko macho. Nami nilikuwa macho.

Siyo saratani. Tulipofika kwenye gari akatoa pakiti mfukoni, akahesabu sigara sita, akaniuliza kwa upole kama anaweza kumalizia hizo kwanza.

Nikazichukua. Ziko hapa mezani ninapoandika, zimelowa chai.