Mwekezaji Amekubali Hasara, Hakukubali Uongo

Umezuka mtindo katika miji yetu, ndugu msomaji, wa kuwakusanya vijana wenye kampuni changa ukumbini, kila mmoja akapewa dakika chache za kunadi wazo lake mbele ya wenye mitaji. Jambo lenyewe ni la kheri. Kijana asiye na mali ana haki ya kumwendea mwenye mali na kumwambia: mimi nina ujuzi na nguvu, wewe una fedha, tushirikiane na tugawane faida. Linalosikitisha ni mafunzo yanayotangulia mkutano huo. Kijana huambiwa ajifanye mkubwa mpaka atakapokuwa mkubwa kweli. Watu kumi waliojaribu bidhaa bure huitwa wateja. Barua ya kusema "tutawasiliana" huitwa mkataba. Huo si ufundi wa kunadi. Huo ni udanganyifu, na hauna budi kuitwa kwa jina lake.

Mtindo huu umetoka Marekani, na ni huko huko ambako matunda yake machungu yameonekana. Mwaka 2003, Elizabeth Holmes, binti wa miaka 19, alianzisha kampuni ya Theranos. Aliahidi mashine itakayopima maradhi mengi kwa matone machache ya damu ya kidoleni. Alikusanya zaidi ya dola milioni 700 kutoka kwa wawekezaji, na kufikia mwaka 2014 kampuni ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 9. Wawekezaji walielezwa kwamba mapato ya mwaka huo yangezidi dola milioni 100. Yaliyopatikana yalikuwa kiasi cha dola laki moja tu. Walioneshwa taarifa zenye nembo ya kampuni ya dawa ya Pfizer, ilhali Pfizer haikutoa idhini hiyo. Mashine yenyewe ilimudu vipimo vichache mno, na vingi vilifanywa kwa mashine za kampuni nyingine.

Oktoba 2015 gazeti la Wall Street Journal lilianza kuyafichua hayo. Januari 2022 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani Holmes kwa makosa manne, na Novemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 11 na miezi mitatu. Tuzingatie: makosa yote manne yalihusu aliyowaambia wawekezaji. Hakufungwa kwa sababu mashine ilishindwa. Mashine kushindwa si jinai. Alifungwa kwa kusema imefaulu.

Wapo wanaodai kwamba kila mwanzilishi hutia chumvi, na kwamba bila chumvi hakuna anayepata fedha. Hoja hii ni dhaifu, kwani inachanganya mambo mawili. Kusema "tunatarajia kufikisha wateja elfu tano mwakani" ni matarajio, na mwekezaji anajua kuwa matarajio huweza kutotimia. Kusema "tunao wateja elfu tano" ni habari, na habari ama ni kweli ama ni uongo. Charlie Javice aliiuzia benki ya JPMorgan kampuni yake, Frank, kwa dola milioni 175 mwaka 2021, akidai ina watumiaji zaidi ya milioni nne. Waliokuwapo hawakufika hata laki tatu. Mhandisi wake alipokataa kutengeneza takwimu bandia, alitafutwa mtaalamu wa nje akalipwa kuzitengeneza. Mwaka 2025 mahakama ilimhukumu kifungo cha zaidi ya miaka saba. Je, hiyo nayo tuite chumvi?

Kwa Muislamu suala hili lina mizizi ya zamani zaidi kuliko kumbi hizo. Katika mudharaba, mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi. Faida hugawanywa kwa uwiano waliokubaliana, na mtaji ukipotea, hasara humwangukia mwenye mali. Mfanyakazi hulipi chochote, kwani naye amepoteza jasho lake. Lakini kinga hiyo ina sharti: asiwe amezembea wala kuhini. Akihini, kinga huondoka na mzigo humrudia. Hapo ndipo ilipo siri ya biashara yote ya mtaji. Mwenye mali amekubali kubeba hasara kwa sababu ameambiwa ukweli. Ukiuondoa ukweli, umeiondoa ridhaa yake.

Sasa kijana afanye nini? Aeleze tatizo analolitatua, na nani mwenye tatizo hilo. Aoneshe wangapi wamelipa, wamelipa kiasi gani, na wangapi wamerudi kulipa tena. Aseme gharama ya kumpata mteja mmoja, fedha zilizobaki zitamfikisha mwezi gani, kiasi anachoomba na kila sehemu ya kiasi hicho itafanya nini. Kisha ataje mwenyewe udhaifu wa kampuni yake kabla hajaulizwa. Waanzilishi wa Airbnb waliomba dola 150,000 mwaka 2008, wakakataliwa na watano, na wawili hawakujibu. Waliendesha kampuni yao kwa kuuza maboksi ya nafaka za kifungua kinywa kwa dola 40 kila moja, wakapata kama dola 30,000. Mwaka 2009 Y Combinator iliwapokea, na uvumilivu huo wa kuuza maboksi ulichangia kuwashawishi wenye mtaji. Ulikuwa ushahidi wa kuonekana kwa macho.

Ukweli huu unazidai pande zote mbili. Mwekezaji asiyeomba kuona hesabu, akavutwa na majina makubwa ya wajumbe wa bodi, ameshiriki kujidhulumu. Bodi ya Theranos ilikuwa na Henry Kissinger na George Shultz, mawaziri wa zamani wa mambo ya nje. Hawakuwa wataalamu wa maabara. Na mkataba nao usomwe mpaka mwisho. Anayepokea shilingi milioni 100 kwa kampuni iliyothaminiwa milioni 400 kabla ya fedha hizo, ametoa hisa asilimia 20. Lakini kikiwamo kifungu cha mwekezaji kurejeshewa mtaji wake kwanza, kampuni ikauzwa kwa milioni 200, mwekezaji atachukua milioni 100, si 40. Tena uko mkopo unaogeuka kuwa hisa baadaye, na kwa kawaida hubeba riba mpaka siku ya kugeuka. Kijana anayeikimbia riba benki asije akaisaini hapa kwa kutosoma.

Tunawataka wanaoendesha mafunzo haya wafute somo la kujifanya, na mahali pake wafundishe kuweka hesabu. Nanyi vijana, mkikataliwa kwa kusema ukweli, mmepoteza mkutano mmoja. Rudini kazini, ongezeni wateja wanaolipa, kisha ombeni tena mkiwa na daftari lile lile, lenye kurasa nyingi zaidi.