Mwalimu Aliyekwenda Kuongea na Bibi



Leo nawaletea habari ya mtoto mmoja wa Aljeria, zamani nchi hiyo ilipotawaliwa na Wafaransa. Jina lake Albert Camus. Alizaliwa mwaka 1913, na mwaka uliofuata baba yake alikufa kwa majeraha ya vita huko Ufaransa. Mama yake alikuwa mzito wa kusikia, hajui kusoma wala kuandika, akipata riziki kwa kusafisha nyumba za watu. Waliishi katika mtaa wa maskini mjini Algiers, nyumbani kwa bibi mzaa mama, na bibi huyo alikuwa mkali kwelikweli.

Shuleni mtoto akaangukia mikononi mwa Bwana Louis Germain, mwalimu aliyekuwa amepigana vita ile ile akarudi salama. Msidhani alikuwa mpole kama njiwa, fimbo aliijua. Lakini aliwasomea watoto vitabu kwa sauti. Camus ameyaeleza hayo katika hadithi ya maisha yake, aliyokuwa akiiandika alipokufa kwa ajali ya motokaa mwaka 1960. Ikapigwa chapa mwaka 1994. Mwalimu wa hadithi hiyo anawasomea darasa habari za askari vitani. Siku ya kumaliza anainua macho, anamwona mtoto wa mstari wa mbele machozi yanamtiririka. Hamcheki, wala hamkemei. Anageuka kukirudisha kitabu kabatini. Miaka mingi baadaye anampa kitabu kile kile kiwe chake.

Nionavyo mimi, mwandishi alianza kuzaliwa hapo. Mtoto wa nyumba yenye maneno machache alijua kwamba maneno ya karatasini yaweza kumfikia hata yeye, na kwamba machozi yake si upumbavu.

Ikafika mwaka 1924. Bwana Germain aliwachagua wavulana wachache wafanye mtihani wa kuingia sekondari kwa msaada wa Serikali, akawafundisha saa za ziada bila malipo. Bibi akakataa: mtoto atafute kazi, alete mshahara. Tusiharakishe kumlaumu. Alihesabu miaka mingi ya kulisha kijana asiyeleta kitu. Nani kati yetu hajasikia hesabu hiyo? Huyu akienda shule, mbuzi atachunga nani? Basi mwalimu alikwenda mwenyewe nyumbani, akazungumza na bibi mpaka akakubali. Mtoto akafaulu.

Mwaka 1957 Camus alipewa Tuzo ya Nobel kwa maandiko yake. Mwezi wa Novemba alimwandikia mwalimu wake wa zamani kumshukuru, akimwambia kwamba habari ilipomfikia alimkumbuka kwanza mama yake, kisha yeye. Hotuba aliyoitoa kwa tuzo hiyo ilipopigwa chapa, aliitolea kwa heshima ya Bwana Germain. Camus hakuwa mwumini, na baadhi ya vitabu vyake vyaweza kumsumbua Mkristu. Lakini shukrani aliijua.

Hapa parokiani wazazi huja ofisini kuchukua cheti cha ubatizo cha mtoto anayeandikishwa shule. Mara nyingine mtoto amesimama pale pale, na baba asema, "Huyu kichwa kigumu, ajua kuchora ukutani kwa mkaa tu." Mtoto hutazama vidole vya miguu yake. Baba mpenzi, umemwuliza amechora nini? Pengine ni ng'ombe wako, na pembe iliyovunjika ameiweka upande wake hasa.

Nanyi walimu wenzangu wa zamani, kalamu nyekundu twaijua sana. Insha ya mtoto hurudi imejaa alama kama mtu mwenye surua. Makosa yasahihishwe, ndiyo, lakini kama ameeleza vema jinsi mto ulivyofurika, andika chini yake kwamba mto ule umeuona. Ni mstari mmoja tu. Atauonyesha nyumbani hata kwa wasiojua kusoma.

Bwana Germain alimjibu Camus mwezi wa Aprili 1959, akimwita bado mtoto wake mdogo. Akamwambia kwamba zamani zile hakuufahamu umaskini wa nyumba yao, kwa kuwa mtoto alikuja shuleni na uso wa furaha kila siku. Alianza kuutambua kidogo siku mama yake alipofika shuleni kwa ajili ya jina la mwanawe katika orodha ya mtihani.