Mdudu-kibibi Si Dawa ya Chupa

Mkulima aonapo mchungwa wake umejaa wadudu, jambo la kwanza limjialo akilini ni bomba la kunyunyizia dawa. Katika haraka hiyo hatambui kwamba juu ya majani yayo hayo mara nyingi yupo mlinzi wake: mdudu-kibibi, mbawakawa mdogo wa mviringo, ambaye mgongo wake aghalabu huwa mwekundu wenye madoa meusi. Yeye na mabuu wake hula vidukari, vidung'ata na wadudu gamba.

Wapo wanaotaka wadudu hao watumiwe mahali pa dawa. Wazo hilo ni jema, lakini lina masharti mawili, na historia imeyathibitisha yote mawili.

Mnamo miaka ya 1880, michungwa ya California, Marekani, ilikuwa ikifa kwa kunyonywa utomvu na mdudu gamba aitwaye Icerya purchasi, aliyeingia kutoka Australia pasipo maadui zake. Mwaka 1888 Albert Koebele alitumwa Australia kuwatafuta maadui hao. Hadi Januari 1889 alikuwa amepeleka California wadudu-kibibi 129 tu wa aina ya Rodolia cardinalis. Waliachiliwa juu ya mti uliofunikwa kwa hema, wakazaana, wakagawiwa wakulima, na kabla ya mwaka huo kwisha balaa lilikuwa limetulia.

Lakini katika miaka ya 1940 wakulima wa California walianza kutumia DDT. Dawa hiyo iliwaua wadudu-kibibi kuliko ilivyomdhuru mdudu gamba, naye akarejea kwa nguvu. Hilo ndilo sharti la kwanza: anayemwita mlinzi shambani hana budi kuizuia mikono yake isimuue.

Sharti la pili ni kuujua mlo wa mgeni kabla hajavuka mpaka. Rodolia alifaa kwa sababu chakula chake ni karibu Icerya na jamaa zake tu. Harmonia axyridis, mdudu-kibibi wa Asia ya Mashariki, hakuwa hivyo. Alipelekwa Amerika ya Kaskazini na Ulaya kula vidukari, lakini yeye hula pia mayai na mabuu ya wadudu-kibibi wengine. Mwaka 2004 alionekana Uingereza bila kualikwa, na baada ya hapo wadudu-kibibi kadhaa wa asili wa nchi hiyo walipungua. Tena wako wadudu-kibibi, kama wale wa jamii ya Epilachna, ambao hula majani ya maboga na viazi. Jina pekee, basi, si cheti cha tabia njema.

Kwamba masharti hayo yanatimizika, kisiwa cha St. Helena katika Atlantiki ni shahidi. Mti wa taifa wa kisiwa hicho, usioota kwa asili penginepo popote duniani, ulikuwa ukiangamizwa na mdudu mnyonya utomvu aitwaye Orthezia insignis. Wataalamu walimchagua mdudu-kibibi Hyperaspis pantherina, wakauchunguza mlo wake kwanza, na mwaka 1993 wakamchukua kutoka Kenya, alikokwisha kupelekwa zamani kwa kazi iyo hiyo. Baada ya miaka michache Orthezia alipungua sana, na miti iliyobaki ikanusurika.

Kazi hii yaweza kuanzia katika shamba la shule. Mabuu wa mdudu-kibibi hawafanani na wazazi wao: ni warefu, weusi, mfano wa mamba wadogo, na watu wengi huwaponda wakidhani ni waharibifu. Mwalimu awafundishe wanafunzi kuwatambua, kisha kila juma wahesabu vidukari na wadudu-kibibi katika mimea kumi na kuchora grafu. Wakiona mistari miwili inavyofuatana, mmoja ukipanda na mwingine ukiufuata, watakuwa wamejifunza kuhesabu kwanza na kushika bomba baadaye.