Kijana anasoma, lakini anaelewa?



Majuma machache yaliyopita tulipokea barua ya mama mmoja wa Tanga. Mwanawe wa kwanza alifaulu vizuri kidato cha sita, akaingia chuo kikuu kwa mkopo na michango ya wajomba zake, na baada ya mwaka mmoja akarejea nyumbani. Wanafunzi wana neno lao kwa msiba huo: amedisko. Mama anaapa kwamba kijana hakuwa mzembe wala hakupotezwa na marafiki. Alikuwa akikesha na masomo hadi adhana ya alfajiri. Sasa mdogo wake wa kike naye amefaulu, na chuo kinafunguliwa baada ya miezi mitatu. Mama anauliza: tumpeleke huyu naye akarudi vivyo hivyo?

Kabla ya kujibu, tulimwomba amuulize kijana swali moja tu: alikuwa akikesha na nini? Jibu likaja kwamba alikuwa akikesha na madesa, yaani yale maelezo mafupi yaliyoandikwa na wanafunzi waliotangulia na kurithishwa kwa fotokopi mwaka hadi mwaka. Vitabu vyenyewe alivifungua mwanzoni, akaona ukurasa mmoja unamla saa nzima, akavifunga.

Kwa hakika hatukustaajabu. Watoto wetu walio wengi wamesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha wakafika kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Huvuka kwa kukariri yaliyoandikwa ubaoni, na mtihani huwavumilia. Chuo kikuu hakivumilii. Mhadhiri hutaja sura tatu za kitabu siku ya Jumatatu na kutaka hoja zake siku ya Alhamisi, wala hamwulizi mtu kama amezielewa.

Hatutaanza kwa kuikumbusha ile amri ya kwanza ya kusoma, maana kila mzazi ameisikia katika kila mahafali. Tunapenda kukumbusha jambo jingine: namna wazee wetu walivyosoma katika darsa. Mwanafunzi aliketi mbele ya sheikh na Safinatun Najaa, kitabu chembamba kiasi cha kutia mfukoni. Akasoma sentensi moja ya Kiarabu, sheikh akaifasiri neno kwa neno, kisha mwanafunzi akairudia maana kwa Kiswahili. Akikwama, hawavuki. Kitabu kile kidogo kiliweza kuchukua miezi mingi, na hakuna aliyemuuliza amefika ukurasa wa ngapi. Aliyetoka hapo aliweza kukifungua kitabu kikubwa zaidi peke yake.

Tunayo pia desturi ya pili, ya kusoma herufi kwa ufasaha pasipo kujua maana. Kwa Qur'ani Tukufu, tilawa ina malipo yake, na Mwenyezi Mungu atujaalie kuidumisha. Lakini kitabu cha uchumi hakina thawabu za tilawa. Kijana wa Tanga alikipeleka chuoni kisomo cha namna ya pili, ilhali alichokihitaji ni cha namna ya kwanza.

Basi ushauri wetu kwa mama ni huu. Binti atafute sasa hivi kitabu halisi cha fani aliyoiomba, katika maktaba ya mkoa au kwa jamaa aliyetangulia chuoni. Kila siku baina ya Magharibi na Isha achukue aya moja au mbili tu. Azisome zote mara ya kwanza bila kamusi, akiziwekea alama sehemu ngumu, kwa kuwa anayekimbilia kamusi katika kila neno huipoteza hoja njiani. Mara ya pili aitafute sentensi iliyobeba aya, na hapo ndipo kamusi iingie. Kisha akifunge kitabu na amweleze mama yake kwa Kiswahili mwandishi amesema nini, na kwa sababu gani.

Mama atasema, kama wanavyosema wengi: mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidia nini? Mama ndiye mtahini bora kuliko wote. Mwenye kujua Kiingereza ataridhika akitajiwa maneno makubwa makubwa. Asiyekijua atauliza, "Kwa hiyo ina maana gani, mwanangu?" Na kama binti ameshika maneno pasipo maana, swali hilo litambaini papo hapo.

Kuhusu msamiati, kuna habari njema. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya makundi 570 ya maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, kuanzia sheria hadi sayansi. Makundi hayo peke yake hufanya takriban asilimia 10 ya maandishi hayo. Kwa ukurasa wa maneno 400, ni kama maneno 40. Binti akijifunza makundi saba kwa siku, atayamaliza kabla ya siku 90 kwisha. Ajihadhari tu na maneno yenye maana ya kifani. Neno "significant" kwa kawaida ni muhimu au kubwa, lakini katika takwimu humaanisha kwamba si rahisi tokeo lile kuwa limetokea kwa bahati tu.

Na asiyadharau maneno madogo. Mwandishi anapotia "may" katika sentensi anasema huenda. Msomaji anayeliruka ataripoti dhana kama yakini. Mwanafunzi wa hadithi angeona haya kuichukua riwaya dhaifu akaisoma kama sahihi. Vivyo hivyo majina na miaka iliyomo kwenye mabano, ambayo wengi huyaruka kana kwamba ni mapambo: huo ni mfano wa isnadi, unaoonyesha kauli imetoka kwa nani.

Limebaki moja, na mama atuwie radhi. Katika barua yake ametaja kwamba kaka alipokuwa akijiandaa alitengewa chumba na taa, lakini binti husoma baada ya kuosha vyombo, wakati macho yameshachoka. Nusu saa ya Magharibi ni saa ya jikoni katika nyumba zetu. Tunaomba vyombo vioshwe na kaka yake.

Juma lijalo, inshaallah, tutajibu barua za wazazi waliouliza juu ya rufaa za mikopo.