Dume Bora Unampelekea Mchinjaji?
Ndugu wafugaji wa Masasi na Newala, tuache kujidanganya. Dume anayekua haraka ndiye tunayemuuza kwanza, kwa kuwa ana bei. Dhaifu anabaki zizini na kupanda majike wote. Halafu tunalalamika kwamba ng'ombe wetu wa asili hana nyama!

Najua ada ya shule haisubiri fedha za korosho. Basi uza yule dhaifu.

Mbakize dume aliyezaliwa na jike anayezaa vizuri, mwenye mgongo mrefu, miguu imara na korodani mbili zilizolingana. Wengine wahasiwe mapema. Kila baada ya miaka 2 badilishana dume na mfugaji wa kijiji kingine, asije akapanda binti zake. Mwenye uwezo aulizie mbegu za Boran kutoka NAIC, Usa River.