Kauli ya Mzee Haitoshi

Mara nyingi matanga hayajaondolewa ndugu wameshaanza kushikana mashati. Mmoja hudai kwamba marehemu alimgawia shamba mbele ya wazee. Mwingine huapa kuwa shamba hilo hilo aliahidiwa yeye. Huenda wote wawili wanasema kweli. Hata hivyo, mbele ya hakimu, kweli yao yaweza kuwa si kitu.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyopitishwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inaukubali wosia wa mdomo, lakini kwa masharti mazito. Ni lazima utamkwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na aliyeutamka afariki katika muda wa miezi mitatu. Mzee aliyewakusanya wanawe wakati wa Krismasi, akawaonyesha mipaka kwa mkongojo wake, kisha akafa mwezi wa Agosti, hakuacha wosia wowote. Mali yake itagawanywa jinsi sheria inavyoagiza, na katika sehemu nyingi za nchi maana yake ni kwamba binti aliyeolewa ana haki sawa na ya kaka yake. Nashuku wapo wanaume wanaoipenda kauli ya mzee kwa sababu hiyo hasa.

Wosia wa maandishi hauna kikomo cha miezi. Mwenyewe hutia sahihi, na mashahidi wawili au zaidi hutia zao. Hapa pana mtego unaowanasa hata waliosoma: mwalimu akimfanya mkewe kuwa shahidi, alichomwachia katika wosia huo hubatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi.

Wala maandishi hayampi mtu uhuru wa kumtupa mke au mtoto. Kifungu cha 26 kinairuhusu mahakama kuwatengea fungu wategemezi walioachwa bila riziki ya kutosha. Kwa Waislamu, tangu marekebisho ya 1990, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu, ambako wosia hauvuki thuluthi moja ya mali.

Inakuwaje basi mwalimu anayeandika andalio la somo kila siku aogope ukurasa huu mmoja? Hudhaniwa kuwa kuuandika ni kukiita kifo. Sheria haimdai wakili wala muhuri. Inamtaka awe mtu mzima mwenye akili timamu, na apate majirani wawili wasiomo katika orodha ya warithi.